Somoe na Hodi ya Angani

Somoe binti Selemani hakuwa mtu wa kuandikwa. Hakuwahi kuwa kiongozi wa kitu chochote, hakusoma, hakuzaa, na mume wake alimwacha kwa sababu hiyo. Naandika habari zake kwa kuwa niliishi naye ua kwa ua miaka mingi, na kwa kuwa binti yangu Amina yu hai leo.

Tulikuwa Nanjuva, upande wetu wa mto Ruvuma, karibu na pale unapogawanyika ndani ya mikoko kabla ya kuingia baharini. Tulihamia mwaka wa sitini na nane, kilipoanzishwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zilijengwa kwa mistari iliyonyooka kama mashimo ya bao. Mimi mistari ile sikuipenda, nikamwambia mwenyekiti wetu, Mzee Rashidi.

“Mwenyekiti, nyumba zikipangwa hivi zinaonekana mno.”

“Ndiyo maana tumezipanga, mama. Mgeni akija azione.”

“Na mgeni akija kwa juu?”

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. “Mama Amina, wewe hata peponi utauliza kwanza mlango wa kutokea uko wapi.”

Vita haikuwa yetu, lakini ilikuwa jirani. Ng'ambo ya mto Wareno walipigana na wapigania uhuru, na siku za upepo wa kusini tulisikia mabomu yakianguka huko, kama mtu anayetupa magunia ya korosho sakafuni. Vikombe vilitikisika kabatini, kisha vinanyamaza, nasi tunaendelea kumenya mihogo.

Somoe alitoka huko. Mwaka wa sitini na sita Wareno walianza kuwakusanya watu wa kwao na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Somoe, kaka yake Ismaili na mama yao walikubaliana kuhama. Ismaili alimvusha dada yake kwanza kwa mtumbwi, akamweka kwenye matete upande wetu. “Nisubiri hapa,” akamwambia, “namfuata mama.” Mama yao alikuwa na miguu mibaya, hakuweza kutembea upesi. Somoe akasubiri. Siku ya pili alisikia bunduki ng'ambo. Siku ya nne wavuvi walimkuta pale pale, midomo imepasuka kwa kiu ingawa maji ya mto yalikuwa hatua tatu kutoka alipokaa. Aliogopa kusogea, Ismaili asije akamkosa.

Nilipomjua mimi alikuwa analima, anasuka ukili, anacheka kama watu wengine. Lakini alikuwa bado anasubiri. Ukimtembelea jioni utamkuta amekaa ameelekea mlango. Aliniambia kwamba kwao Ismaili alikuwa akipita nyumbani kwake kila siku akitoka shamba, na kwamba alikuwa na hodi yake. Wengine husema hodi tatu mfululizo. Ismaili alisema mbili, akakohoa kidogo, ndipo akamalizia ya tatu.

“Kwa nini akohoe?” nilimuuliza.

“Ndivyo alivyo. Mama alisema hodi ya tatu humkwama kooni.”

Masikio ya Somoe yalijulikana kijiji kizima. Utotoni alilindishwa mpunga, akazoea kumsikia nguruwe kabla hajatoka porini. Ndege za Wareno zilipoanza kuvuka mto na kuzunguka juu yetu, yeye ndiye aliyezisikia wa kwanza. Anaacha kusuka, anainua kidevu, nawe husikii kitu. Unahesabu mpaka mia, mia na hamsini, ndipo unausikia muungurumo. Mzee Rashidi akampa kazi. Kilitundikwa kipande cha reli kwenye mkorosho nyuma ya nyumba yake, mabaki ya ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza iliyong'olewa zamani, na nondo ya kukipigia. Somoe akipiga, walio nyumbani waingie mahandakini na walio shambani vilevile. Tulikatazwa pia kuvaa nguo nyeupe na kuanika makopa uwanjani, kwani mihogo iliyomenywa inang'aa kuliko bati.

Hakukosa ila mara moja, alipotuingiza wote handakini kwa ajili ya lori la korosho lililokuwa linapanda kilima na gia mbovu. Vijana wa mgambo walimcheka wiki nzima. “Bi Somoe, sikiliza, baiskeli ya Rashidi hiyo, tuingie shimoni?” Naye alijibu, “Ingia. Bora ucheke umechafuka kuliko ulie msafi.”

Sasa nieleze siku ya sauti.

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja, miezi ya kiangazi, saa tisa alasiri. Somoe alikwenda kwenye msiba kijiji cha pili, na reli ilikuwa na mtu mwingine ambaye hakusikia kitu. Ndege ikatokea juu ya mikoko, ndogo, ya kijivu, inakwenda polepole hata ungedhani itaanguka. Ikazunguka juu yetu. Halafu ikasema.

Ilisema kwa sauti ya mtu. Sauti kubwa, pana, ilitoka kila upande, ikaingia mpaka ndani ya vyungu. “Hodi,” ikasema. “Hodi.” Ikakohoa. “Hodi, wenye nyumba.”

Sasa wewe umelelewa Mtwara, umesikia hodi, utafanya nini? Bibi Halima, aliyekuwa anatwanga, aliitikia “Karibu!” kabla hajajua anamkaribisha nani. Na si yeye peke yake. Kila ua niliousikia ulijibu karibu, na watu wakatoka mlangoni, kwa sababu kujificha mtu akipiga hodi ni utovu wa adabu. Hivyo tukatoka tukasimama uwanjani, kijiji kizima, tumeinua nyuso.

Sauti ikaendelea kwa Kimakonde cha ng'ambo. Ilisema wale waliokimbia warudi nyumbani. Chumvi ipo. Nguo zipo. Daktari yupo. Ikazunguka mara tatu, ikasema maneno yale yale mara tatu, na kila mara hodi na kikohozi. Ikaondoka kuelekea mto. Hapo hapo nyuma yake, kama mbwa nyuma ya mwindaji, zikaja mbili nyingine ambazo hazikuwa na maneno.

Walikufa watu wanne. Sitawaeleza.

Somoe alirudi jioni akakuta tunafukia makaburi. Bibi Halima alikuwa amekaa chini anasema peke yake, “Mimi nimemkaribisha. Mimi na mdomo wangu.” Somoe akamwuliza amemkaribisha nani. Bibi akamwigizia hodi ile yote, pamoja na kukohoa.

Nilikuwa nimesimama karibu. Nilimtazama Somoe. Hakulia. Aliingia ndani kwake, akafunga mlango kabla jua halijatua, jambo ambalo watu hawafanyi.

Kesho yake aliniambia mimi tu. “Mama Amina, yu hai.”

“Nani?”

“Ismaili. Yumo ndani ya ile ndege.”

Nilimwambia watu wanaokohoa ni wengi. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto. Baada ya wiki mbili ndege ile ilipita kwa mbali, juu ya kijiji cha jirani, na sauti ikaletwa na upepo, nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Somoe alikuwa kwenye reli, amekwisha kuipiga. Alisimama nje ya handaki kinywa wazi. “Amekonda,” akasema. “Sauti yake imekonda.”

Mwezi uliofuata jeshi letu lilituletea askari kumi na mbili na mzinga wa kutungulia ndege. Waliuficha chini ya mikorosho, wakaufunika kwa makuti. Mkubwa wao alikuwa Sajenti Gaudensi, mtu wa mbali, mpole, ambaye alishangaa kila siku kwamba sisi tunakula panya wa porini. Siku ya kwanza alikuja kwa Somoe na mimi nipo.

“Mama, nimeambiwa wewe ndiye masikio ya kijiji.”

“Wanasema hivyo.”

“Vijana wangu wanahitaji dakika mbili kufunua mzinga na kuuelekeza. Ukipiga mapema, tutawahi. Ukichelewa, tumechelewa sote. Zile za mabomu zina mbio. Lakini ile ya maneno huruka chini, polepole. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Ikianguka hiyo, nyingine zitashika adabu zisije hapa.”

Somoe alikuwa anasuka. Mkono wake haukusimama. “Ndani yake kuna watu wangapi, afande?”

“Wawili, watatu. Kwa nini?”

“Nauliza tu.”

Sajenti akaondoka. Nilijua alichojua Somoe. Akipiga reli, atamwua kaka yake. Asipopiga, watu watakutwa shambani. Na shamba letu la kijiji lilikuwa ekari ishirini za mihogo michanga, halina hata mti wa kujibanza, na Amina wangu, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa huko kila alasiri pamoja na kundi la palizi.

Nilimwuliza waziwazi. “Utapiga?”

“Sijui.”

“Somoe, mwanangu yuko kule.”

“Najua mwanao yuko kule. Na wangu yuko kule juu.”

Ningeweza kwenda kwa sajenti. Mara mbili nilivaa kanga ya kutokea, nikafika mpaka kwenye mikorosho, nikarudi. Ningemwambia nini? Kwamba masikio ya kijiji yana ndugu angani? Wangemchukua wakamhoji, na baada yake nani angesikia? Basi nikafanya nililoliweza. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilichukua ukili wangu, nikaenda kukaa naye chini ya reli. Alijua kwa nini nimekuja. Tulisuka hatuzungumzi. Nilikuwa natazama kidevu chake.

Siku kumi na saba tulikaa hivyo. Jua lilikuwa kali, na saa tisa ilipokaribia hata kuku waliingia uvunguni, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Kulikuwa na kimya fulani kilichotangulia saa ile, kama chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Siku ya kumi na nane kidevu kikainuka.

Mimi sikusikia chochote. “Inakuja?” nikauliza.

Aliuweka ukili chini.

“Somoe. Inakuja?”

“Inakuja.”

“Piga basi!”

“Ni ile yenyewe,” akasema. “Naijua injini yake. Ni ile yenyewe.”

Nikaruka, nikashika nondo. Naye akaishika upande wa pili. Sisi ni watu wazima, mabibi wawili tunanyang'anyana chuma, na masikioni mwangu sasa nausikia muungurumo kutoka mikokoni. Nguvu zake sikuzijua mpaka siku ile. Akaninyang'anya.

“Kama ni kupigwa, nitapiga mimi,” akasema. “Usinichukulie kaka yangu wewe.”

Akapiga. Alipiga kwa nguvu hata kutu ikapukutika. Nikaona kwa mbali watu wa palizi wakiinama na kupotea ardhini, mmoja mmoja, kama ardhi inawameza. Makuti yakafunuliwa chini ya mikorosho. Ndege ikatokea.

“Hodi,” ikasema.

“Karibu,” akasema Somoe, akapiga reli.

“Hodi.”

“Karibu.” Akapiga.

Ikakohoa. Yeye akasimama na nondo juu, akangoja. “Hodi, wenye nyumba.”

“Karibu, kaka,” akasema, na akapiga, na mzinga ukalia.

Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Nililala kifudifudi. Nilipoinua uso ndege ilikuwa imelala ubavu, moshi mweusi unaifuata, inarudi kuelekea mdomo wa mto. Na ilikuwa bado inasema. Hilo ndilo lililonikaa mpaka leo. Inaanguka na inasema: chumvi ipo, nguo zipo, daktari yupo. Haikupiga kelele. Haikuharakisha, haikutetemeka. Ilisema kwa upole ule ule, ikizidi kuwa ndogo, mpaka ikashuka nyuma ya mikoko, na neno la mwisho tulilolisikia lilikuwa “nyumbani.” Kisha hakuna.

Zile mbili za nyuma zilimwaga mabomu yao ovyo shambani zikageuka. Mihogo iling'olewa kama nywele. Amina alikuja anakimbia na udongo mpaka kwenye kope. Nilimpapasa mwili mzima, vidole nikavihesabu, yeye anasema, “Mama, niache, watu wanatazama.” Kijiji kilikuwa kinapiga vigelegele. Sajenti Gaudensi alibebwa mabegani.

Somoe alikuwa amekaa chini ya reli. “Hakuogopa,” aliniambia. “Umemsikia? Mtu anaanguka na haogopi.”

Siku tatu hakula. Nilimpelekea uji, nikauchukua ukiwa na utando. Siku ya nne sajenti alirudi kutoka mikokoni, matope mpaka kiunoni, akaja moja kwa moja kwa Somoe kumshukuru. Mimi ndiye niliyemwuliza.

“Afande, mmekuta watu?”

“Wawili. Wazungu, wamekufa.”

“Mwingine?”

“Hakuna mwingine.”

“Yule aliyekuwa anasema,” Somoe akasema. “Mtu mweusi.”

Sajenti akatikisa kichwa. “Hapakuwa na mtu, mama. Palikuwa na mashine, na bomba kubwa la kutolea sauti. Maneno yamo kwenye ukanda. Mtu anasema mara moja, wanaikamata sauti kwenye ukanda, halafu mashine inasema kila siku. Kama santuri.”

Somoe alifikiri. “Alisema lini?”

“Hilo mashine haisemi.”

Nilidhani atafurahi. Hakumwua kaka yake. Alifurahi kweli, siku moja mbili, akala, akafua. Lakini nilimwona akianza kukaa tena ameelekea mlango, na safari hii alikuwa anageuza kichwa huku na huku, kama mtu asiyejua hodi itatokea upande gani.

Masika yalipokwisha ikaja ndege nyingine. Sauti ilikuwa ile ile. Maneno yale yale, kikohozi kile kile, mahali pale pale. Watu waliokuwa wamepiga vigelegele waliingia mahandakini hawasemi. Tuliiona kwa macho yetu ikianguka, tukaisikia ikinyamaza, na sasa imerudi inapiga hodi. Bibi Halima alijifunga kitambaa mdomoni kila alasiri asije akajibu.

Somoe hakuchelewa tena hata mara moja. Alipiga mapema kuliko zamani. Ila akishapiga hakuingia handakini. Alisimama pale pale uwanjani mpaka maneno yaishe. Siku moja nilitoka nikamvuta mkono.

“Utakufa, Somoe!”

“Niache. Anazungumza.”

“Si yeye, ni ukanda!”

“Na wewe ukiniita nawe uko nyuma ya ua, si sauti tu? Mbona naitika?”

Aliishi hivyo miaka miwili na zaidi. Mzinga haukuipata ndege ya pili. Kisha, mwaka wa sabini na nne, vita ikaisha, na mwaka uliofuata ng'ambo wakapata uhuru wao. Somoe alifunga mkeka na kibuyu, akavuka mto kwa mara ya kwanza tangu alipovushwa. Alikaa huko siku tisa. Siku ya kumi nilimwona anakuja kwa njia ya mihogo, na kwa jinsi alivyotembea niliweka kinu pembeni, nikaenda kumpokea.

Aliwakuta watu waliokaa pamoja na Ismaili na mama yao ndani ya seng'enge. Mama yao alikufa mwanzoni kabisa. Ismaili alichaguliwa na Wareno kwa sababu alikuwa na sauti nzuri. Wakamchukua siku moja, wakamwambia apige hodi kama anavyopiga kwao, aseme na haya na haya, wakampa debe la unga. Alirudi akawacheka, akasema amepewa unga kwa kuongea na kisanduku. Mvua za mwaka ule zilileta kuhara damu. Akafa. Ilikuwa mwaka wa sitini na tisa.

Nilipiga hesabu kwa vidole, na sikutaka kuimaliza. Aliposimama juu ya vyungu vyetu mara ya kwanza, na Bibi Halima akamkaribisha, alikuwa kaburini mwaka wa pili.

Tukaweka matanga. Mwalimu Athumani wa chuo cha Kurani ndiye aliyeongoza, na alipofika kwenye kupanga arobaini akakwama. “Marehemu amefariki lini? Tuhesabu kutoka siku gani?”

“Sitini na tisa,” nikasema.

“Haiwezekani,” akasema Mzee Rashidi. “Mimi nimemsikia juzi juzi, sabini na tatu. Kijiji kizima kimemsikia.”

“Umesikia mashine, mwenyekiti.”

“Mashine haikohoi.”

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mmoja anasema maiti akishazikwa hesabu imekwisha, mwingine anasema mtu aliyepiga hodi miaka mitatu huwezi kumwandika kwamba hakuwapo. Hatimaye Mwalimu Athumani akaamua: hesabu inaanza siku habari ilipofika kwa mwenye msiba. Somoe hakusema ndiyo wala hapana.

Siku ya arobaini tulikaa uwanjani kwake baada ya sala ya alasiri. Pilau ilikuwa jikoni. Mwalimu alikuwa katikati ya dua, nasi tumefungua viganja, ndipo nilipoona kidevu cha Somoe kikiinuka.

Akanyoosha mkono. Mwalimu akanyamaza katikati ya neno. Hakuna aliyeuliza. Watu hamsini tukakaa na viganja wazi, tunasikiliza, na Amina, aliyekuwa mama tayari, akamfunika mwanawe kwa kanga. Mbingu ilikuwa nyeupe, tupu. Niliusikia moto jikoni. Niliisikia damu yangu.

Somoe alikaa hivyo muda ambao Mwalimu angeweza kuimaliza dua yote. Kisha akaushusha mkono, akauweka mapajani.

“Endelea, Mwalimu,” akasema.